Swali kutoka Rau: mbwa kalegea, mume ndo katoka hospitali, mama mkwe anasema ni mkosi

Swali lilinijia mimi daktari wa wanyama hivi, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Niko Rau hapa Moshi, mama wa watoto watatu. Masika ya mwaka huu ilianza na raha kwelikweli, mbwa wetu Cheupe alizaa watano, watoto wakitoka shule wanatupa mabegi mlangoni wanakimbilia bandani. Baada ya hapo mambo yakageuka. Mume wangu alipata kiharusi, akalazwa siku tisa, sasa yuko nyumbani ila mkono wa kushoto hauna nguvu. Juzi mbwa kagoma kula, kalegea, mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilimpa nusu panadol haikusaidia. Watoto wake wana wiki tano. Jana mmoja kamng'ata mwanangu wa miaka sita kwenye kiganja wakicheza, damu ilitoka kidogo tu. Mama mkwe anasema hawa mbwa ndio walioleta mkosi, tuwabebe wote na mama yao tukawaache Mbuyuni sokoni. Chanjo ya mwisho sikumbuki ni lini. Hela yote imeishia hospitali. Nianze na nini?"

Marahaba dada, na pole sana. Pole ya mzee, pole ya mbwa, na pole yako wewe maana naona kama vile hakuna aliyekupa ya kwako. Sasa sitakujibu kwa mpangilio ulioandika, kwa sababu kile ulichokitaja kwa haraka katikati huko, cha mtoto kung'atwa kiganja, ndo mimi nakiweka mbele ya vyote, hata mbele ya Cheupe.

Acha kusoma kidogo. Mchukue huyo mtoto, mpeleke bombani, osha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano. Ndio, hata kama ni cha jana. Dakika kumi na tano ni nyingi aisee, mtoto atalalamika, mwimbie, mpe hadithi, lakini zifike. Usipake pilipili wala mafuta ya taa wala majivu, na usikifunge kwa nguvu. Ukimaliza mpeleke hospitali leoleo, Mawenzi au KCMC au popote utakapopiga simu ukaambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, na ukifika useme wazi: kang'atwa na mtoto wa mbwa ambaye hana chanjo, mama yake naye anaumwa. Usiseme "kakwaruzwa kidogo" maana wewe ukipunguza maneno na wao watapunguza uzito.

Najua utaniambia dokta, ni kitoto cha wiki tano, kichaa kitatoka wapi. Kinaweza. Sio kawaida sana lakini kinaweza, na huu ugonjwa hauna nafasi ya kubahatisha, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa, wakati kabla ya dalili chanjo inafanya kazi vizuri kabisa. Sindano zenyewe ni za siku tofauti, ya kwanza leo, kisha siku ya tatu, ya saba, na kuendelea kama watakavyokupangia pale, na ukianza usikatishe mwenyewe eti kwa vile mtoto anaonekana mzima.

Na hapa ndo ninapogombana na wazo la Mbuyuni. Yule mtoto wa mbwa aliyeng'ata mnatakiwa kumtunza na kumwangalia siku kumi, ndani, bila kumuua na bila kumgawa. Akifika siku ya kumi yuko hai, anakula, anarukaruka, maana yake siku ile aliyong'ata mate yake hayakuwa na kirusi, na daktari wa mtoto akijua hilo anaweza hata kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Mkimwacha sokoni leo, kesho mtamtafutia wapi? Mtabaki kulipia kila sindano na hofu juu yake, na hapo sijasema habari ya mtoto wa mama mwingine atakayeokota kitoto kizuri cheupe pale kwenye magunia ya mahindi akakipeleka nyumbani kwao.

Haya, tuje kwa Cheupe.

Kabla hujamgusa, simama hatua tatu mtazame. Taya linaning'inia? Mate yanachuruzika? Sauti imebadilika, anabweka kama kapaliwa? Anashindwa kumeza maji ingawa anayaendea? Kama jibu ni ndio hata kwa moja, mfungie, watoto wasisogee, mpigie afisa mifugo wa kata. Watu wengi wanafikiri kichaa ni lazima mbwa akimbie anang'ata kila kitu, kumbe kuna cha kimya, mbwa anapooza tu pole pole. Niliwahi kuitwa Majengo na baba mmoja aliyekuwa na uhakika mbwa wake kakwamwa na mfupa, alishaingiza mkono mdomoni kuutafuta, hakuukuta, na mimi nilipofika nikaona lile taya nikamwambia baba twende hospitali sasa hivi tukiwa njiani utanisimulia. Alichanjwa mapema, yuko mzima mpaka leo, tunakutana naye. Lakini ule mkono wake ukiingia mdomoni huwa naukumbuka kila nikiambiwa "mbwa wangu kakwamwa na mfupa".

Kama Cheupe anakunywa maji, anameza, anakutambua, anatingisha mkia hata kama ni kwa uvivu, basi kwa huo mkojo ulionielezea mimi akili yangu inaenda moja kwa moja kwa kupe. Masika ndo msimu wao. Hii mvua ambayo sisi tunaifurahia, mlima unajificha wiki nzima halafu asubuhi moja unatoka mweupe mpaka mabegani, kumbikumbi wanatoka watoto wanawafukuza na beseni, majani yanafika magotini, basi na kupe naye anasherehekea humohumo kwenye majani. Hata wenzetu wa Ulaya theluji ikiyeyuka tu majani yakachipua wanaanza kulia na kupe, sio sisi peke yetu.

Kinachotokea ni hivi. Kupe anambeba mdudu mdogo sana, anaitwa babesia, akikaa kwenye ngozi ya mbwa siku mbili tatu anamwingiza kwenye damu. Yule mdudu anaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, anazaliana humo, chembe zinapasuka, na ile rangi nyekundu inayomwagika inachujwa na figo inatoka kwenye mkojo. Kwa hiyo hiyo chai ya rangi unayoiona ni damu iliyopasuka dada. Ndo maana kalegea, hana damu ya kubeba hewa. Mfunue mdomo wa juu pembeni kidogo (huku ukijua anakunywa vizuri, nimeshasema), tazama fizi. Zinatakiwa ziwe pinki kama za mwanao. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au njano, hii sio ya kusubiri Jumatatu.

Joto pia. Ukiwa na kipimo cha homa cha binadamu unaweza kumpima njia ya haja kubwa, paka mafuta kidogo, na kuanzia hapo hicho kipimo kiwe cha mbwa tafadhali. Sasa usishtuke ukiona 38.8, kwa mbwa hiyo ni kawaida, kawaida yao ni kama 38.3 mpaka 39.2. Ikipita 39.5 ana homa. Ikiwa chini ya 37.5 na fizi nyeupe, hapo yuko pabaya kuliko mwenye homa, watu wengi hawajui hili, wanaona kapoa wanafurahi.

Kitu kingine cha kutofautisha, kwa vile ananyonyesha. Mbwa mwenye watoto wengi anaweza kuishiwa madini ya chokaa kwenye damu kwa sababu yote yanaenda kwenye maziwa. Huyo haji na mkojo mweusi, anakuja na kutetemeka, miguu inakakamaa, anahema kama katoka mbio za marathoni, baadaye degedege. Hiyo ni ya saa, sio ya siku. Ukiona, toa watoto wasinyonye na umkimbize. Kwako sioni dalili hizo ila nimeona nikwambie uwe nazo kichwani.

Matibabu. Mtafute daktari wa mifugo, sio mchoma sindano. Atamtoboa ncha ya sikio, tone moja la damu kwenye kioo, ataangalia kwa darubini, mara nyingi jibu linapatikana hapohapo. Babesia ina sindano yake na mbwa akiwahiwa ananyanyuka haraka, mwingine kesho yake tu anaomba chakula. Kuna mdudu mwingine, naye wa kupe hawahawa, anaitwa erlikia, huyo anapenda kutoa damu puani na dawa yake ni doksisaiklini kama wiki nne mfululizo, hairukwi siku. Wakati mwingine mbwa anakuwa na yote mawili.

Ninachokuomba, na hili nalisema kwa uchungu, usikubali jirani mwenye ng'ombe aje na bomba lake la dawa ya ng'ombe amkadirie Cheupe kwa macho. Ile dawa ya maji ya njano wanayochanganya kwa ajili ya ng'ombe, kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayoumiza ubongo ni ndogo mno, lazima mbwa apimwe uzito. Nimeletewa mbwa wanaotembea kwa kuzunguka duara, wengine hawakurudi sawa, na wenye mbwa walikuwa wanajaribu kubana matumizi tu kama wewe, hawakuwa watu wabaya.

Na panadol acha. Ile nusu ya juzi sidhani imemdhuru mbwa wa saizi yake, lakini usiongeze, ini lake lina kazi ya kutosha sasa hivi. Diklofenaki na ibuprofeni ndo kabisa, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Na kama mna paka hapo nyumbani (Rau bila paka panya wangewahama nyie), paka asipewe panadol hata robo, mwili wake hauwezi kuivunja, nusu kidonge kinaweza kuua paka mkubwa mzima.

Sasa hela. Nimeona umeandika imeisha na sitakuambia ooh afya haina bei, maana ina bei na wewe umetoka kuilipa siku tisa. Kwa hiyo: ya kwanza ni nauli na chanjo ya mtoto. Ya pili ni kipimo cha damu na sindano ya Cheupe. Ya tatu dawa ya minyoo ya vitoto, ambayo ni ndogo tu. Ya nne chanjo ya kichaa kwa Cheupe akishapona, na kwa vitoto vikifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hiyo ya nne mara nyingi inapatikana kwa bei nafuu au bure kabisa kwenye kampeni, muulize afisa mifugo wa kata, na ujue tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyetengeneza chanjo yenyewe, na karibu na tarehe hiyo sehemu nyingi huwa wanachanja. Ila usikae kusubiri Septemba kama nafasi ikipatikana kabla. Vitamini, kalsiamu za chupa, shampuu yenye picha ya mbwa mzungu, hivyo vyote mwenye duka atakusifia sana, viache kwa sasa.

Vitoto vina wiki tano, hii ni bahati yako kubwa, vinaweza kuachishwa. Mtenge Cheupe ili apumzike, hana damu ya kutengenezea maziwa. Vipikie uji wa dona mzito, saga dagaa waliooshwa chumvi, yai la kuchemsha siku ukiwa nalo, mara nne kwa siku kidogo kidogo. Kitunguu usiweke, kinapasua hizohizo chembe za damu tunazozililia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usiwape. Maziwa ya ng'ombe kidogo kwenye uji sawa, bakuli zima wataharisha usiku utanilaani.

Minyoo walitakiwa waanze dawa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, kwa sababu wanazaliwa nayo, inapita tumboni kwa mama na kwenye maziwa. Kwa hiyo hata kama wanaonekana wanene, yale matumbo ya ngoma sio shibe peke yake. Na hii ndo inawahusu watoto wako: mayai ya ile minyoo yakikaa kwenye udongo yanaingia kwa mtoto kupitia mikono, na mdudu mwingine huishia kwenye jicho. Sisemi wasicheze nao, wacheze sana, ila sabuni kabla ya kula, na kinyesi kiokotwe kila siku kifukiwe mbali na wanapochezea.

Banda ndo kiwanda. Kupe yule wa rangi ya kahawia anayependa mbwa hataki kuishi kwenye mbwa, anashiba anashuka, anapanda ukutani anajificha kwenye nyufa, jike moja linataga mayai maelfu humo na watoto wake wanaweza kukaa miezi bila kula wakikusubiri. Ndo maana unaogesha mbwa Jumamosi, Jumatano kajaa tena. Mpe mtoto wako mkubwa kazi: magunia na manyasi ya kulalia yachomwe, nyufa zizibwe kwa udongo au simenti, majani yafyekwe mita kadhaa kuzunguka banda, dawa ya kupe ipulizwe ukutani mpaka kwenye dari sio sakafuni tu, irudiwe baada ya wiki mbili. Kuku waachieni wapite hapo mchana kabla hujapuliza, wanadonoa kupe kuliko unavyodhani. Dawa za kuogeshea ng'ombe usipake vitoto na usipake paka, nyingine zinaua paka ndani ya saa chache. Kila jioni mpapaseni Cheupe masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia, kupe mshike na kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi uvute moja kwa moja. Usimchome na kiberiti, usimpasue kwa kucha.

Mama mkwe. Usimwambie anaamini uchawi, utaharibu. Mtazame yeye alichokiona: watoto wa mbwa wamezaliwa, mwanae kaanguka, mbwa kaanza kukojoa damu, mjukuu kang'atwa, yote ndani ya msimu mmoja. Hata mimi ningekuwa bibi ningetafuta kamba inayoviunganisha. Mwambie, mama, dokta kasema ni kupe, na huyo babesia wa mbwa hawezi kumpata baba, kiharusi cha baba kina habari yake na presha yake na hiyo tunaifuata kliniki. Halafu mwonyeshe kupe mwenyewe, mmoja aliyeshiba, mkubwa kama mbegu ya mbarika. Wazee wetu wa kihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, wanawajua kupe vizuri, walifuga ng'ombe wa ndani maisha yao yote, akimwona atakuelewa kuliko ungemweleza kwa maneno. Na umwombe yeye ndo asimamie zile siku kumi za kumwangalia mtoto wa mbwa, bibi akipewa kazi ya ulinzi hakuna kitakachotoka nje ya geti.

Kuhusu mzee mimi ni daktari wa wanyama, kwa hiyo dawa zake siziongelei, zaidi ya kusema asiziache kwa kujisikia vizuri. Mawili tu ninayoyajua kwa macho yangu. Moja, vitoto vitano miguuni mwa mtu ambaye upande mmoja hauna nguvu ni kumwangusha, kwa hiyo anapojifunza kutembea vifungiwe. Pili, kuna mteja wangu Machame, mwalimu mstaafu, naye kiharusi kilimchukua mkono, yule wa mazoezi alimpa kampira ka kuminya, akawa anakasirika anakatupa. Mke wake akampa brashi na mbwa. Kila asubuhi anakaa kibarazani mbwa anakuja mwenyewe anaweka kichwa pajani, mzee anamchana kwa ule mkono mbovu, mwanzo ulikuwa unateleza tu, anaushikilia kwa mkono mzima. Sikuambii mbwa alimponya, mazoezi yalimponya, ila kampira hakakuwa kanamfuata kukaomba mazoezi. Cheupe akipata nafuu na kupe wakiisha, mpe mzee hiyo kazi, akae kwenye kiti chenye mikono.

Kesho asubuhi kabla hajala, mtoe Cheupe akojolee kwenye kopo jeupe au juu ya karatasi, upige picha kwenye mwanga wa nje. Nitumie hiyo picha, ya fizi, na uniambie mtoto kapata sindano ya kwanza saa ngapi. Ukinitumia ya mbwa bila ya mtoto sikujibu.